Mama mkwe ananiambia "mtimiziane ngoa", wifi anasema nalilia ngoa: nimetukanwa?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Singida, nina miaka 27. Mwaka jana niliolewa Unguja na kijana niliyesoma naye chuo Dodoma. Tunaishi Mwanakwerekwe, nyumba moja na mama mkwe, na wifi yangu mkubwa naye yupo hapo hapo tangu alipoachika. Kwa jumla nimepokewa vizuri. Kinachonisumbua ni neno moja.

Siku niliyoingia kwao, wageni walipoondoka, mama mkwe alinikalisha kitandani kwake, akanifukiza udi, akanibandika kikuba cha asumini kifuani, kisha akanishika mikono yote miwili akasema: "Mwanangu, Mungu akupeni masikilizano. Mtimiziane ngoa zenu, wala msioneane haya." Nikaitikia amina bila kuelewa. Usiku nikalitafuta lile neno kwenye simu. Kwanza zilikuja habari za kung'oa meno na kung'oa visiki. Nilipozidi kutafuta nikakuta maana yake: matamanio ya mwili, ashiki. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu mama mkwe hamtamkii mkwewe mambo hayo.

Tangu siku ile nimelichukua lile neno kama amri. Mume wangu akinitaka simkatalii, hata nikiwa nimechoka, hata siku ninazoumia. Na mara nyingi naumia, Shangazi. Sijamwambia. Nahofia mama yake ataona mwanawe kaoa mwanamke asiyeweza kutimiza ngoa.

Kilichonifanya niandike ni jambo la juzi juzi. Kabla ya Idi mume wangu alileta doti za kanga, za mama yake na ya dada yake. Mimi akaniambia yangu itakuja mshahara ukitoka. Nikanuna, nikasema wifi akisikia: "Kumbe humu ndani mke ni mama." Jioni wifi akaweka kwenye status yake: "Mtu mzima na akili zake anamlilia ngoa mama mkwe! Makubwa haya." Ukoo mzima umeisoma. Na mimi nilikuwa nishajua ngoa ni nini! Ina maana ananiita mwanamke wa tamaa za mwili, tena kwa mama mkwe? Nilimwonyesha mume wangu, akacheka, akasema ni Kiswahili tu, kijembe cha kawaida. Tangu hapo sizungumzi naye. Nimeandika ujumbe mrefu wa kumjibu wifi, umo kwenye simu, sijautuma. Niutume?

Mgeni wa Mwanakwerekwe

*

Marahaba, mwanangu. Pole. Naona waliokupokea walikufukiza udi wakasahau kukufundisha lugha ya nyumba.

Ujumbe usiutume. Nitakueleza kwa nini, ila kwanza tulitazame neno lenyewe, maana hasira yako yote umeijenga juu ya maana moja, na neno hili lina mbili.

Ngoa hutamkwa kama unavyotamka mwanzo wa ngoma au ngozi. Ile ng'oa ya meno na visiki huanza kama ng'ombe, tena ni kitenzi. Hii ya mama mkwe ni jina: ngoa yangu, ngoa zetu. Watu wengi wakiandika kwenye simu huiacha ile alama ya juu, ndiyo maana ulipotafuta ukaletewa wang'oa meno. Vijana wa mjini nao wana msemo wao wa "kumng'oa" msichana, yaani kumpata. Wapo wanaodhani ndiyo ngoa ya wazee. Siyo. Hilo ni lile lile la visiki, limepelekwa mtaani.

Sasa maana. Ngoa ni hamu kubwa, shauku inayomkamata mtu moyo na mwili. Hapo simu yako haikukudanganya. Ukipata ulichokuwa ukikitamani, ngoa yako imetimia. Aliyekupatia kakutimizia ngoa. Lakini neno hilo hilo, likifuatana na kulilia, hugeuka kuwa wivu. Fulani ananililia ngoa maana yake fulani ananionea wivu, na wivu huo waweza kuwa wa nyumba, wa kazi, wa mtoto, wa mume, wa kanga. Hauna habari na kitanda. Kwa hiyo usilisome neno peke yake, tazama kitenzi kilichotangulia. Kutimiza ngoa ni habari ya kutamani na kupata. Kulilia ngoa ni habari ya kutamani alichonacho mwenzio.

Ukitaka kujua wivu umeingiaje humo, mtazame mtoto mdogo anayemwona mwenziwe ana andazi mkononi. Halii kwa njaa, analia kwa sababu lile andazi liko kwenye mkono usio wake. Hamu na kilio vimekutana, na huenda ndipo hapo Kiswahili kilipochukua msemo. Mwenye kulilia ngoa si lazima awe mbaya. Ana tofauti na mwenye kijicho, au hasidi, ambaye yeye hata asipokipata anafurahi ukikipoteza wewe. Mlilia ngoa anakitaka na yeye, basi. Hii tofauti naipenda na naomba uishike, kwa sababu wifi yako alikuwa na maneno mengi makali ya kuchagua na hakuyachagua.

Neno si la mtaani wala la jana. Limo katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1939, na waliotunga Kamusi ya Kiswahili Sanifu Dar es Salaam, iliyotoka 1981, nao hawakuliacha. Inanisikitisha kwamba mtu anaweza kusoma Kiswahili kuanzia darasa la kwanza hadi chuo, kama ulivyosoma wewe, na asikutane nalo hata siku moja. Na lugha yenyewe ilitoka huku! Mwaka 1928 walipokutana Mombasa kuamua lahaja gani iwe msingi wa Kiswahili sanifu, walichagua Kiunguja. Lakini kilichosafiri kwenda madarasani ni Kiswahili cha ofisini na cha vitabu. Maneno ya chumbani, ya kupambia maharusi, ya kufundana wanawake kwa wanawake, yalibaki kwa wenyewe. Ukiolewa huku ndiyo unakutana nayo, tena yanakuja yote kwa siku moja, na wewe umechoka na safari na umevaa hina mpaka viwikoni.

Tuje kwa wifi.

"Anamlilia ngoa mama mkwe" maana yake anamwonea wivu mama mkwe. Ndiyo hayo tu. Hakukuita malaya, hakusema lolote juu ya mwili wako, na yeyote wa ukoo ule aliyeisoma status, mzee kwa kijana, aliisoma kama wivu wa kanga. Maana uliyoiogopa ilikuwa kwenye simu yako peke yako. Mume wako alicheka kwa sababu alielewa mara moja, na hapo ndipo alipokosea: aliona una machozi, akaona inatosha kusema "ni Kiswahili tu". Kiswahili cha nani? Ilikuwa kazi yake kukaa chini akufafanulie.

Hata hivyo sitakuambia kwamba haikuwa kitu. Ilikuwa mpasho, na ulikulenga wewe. Umekuja kuishi mahali ambapo watu wamelelewa na taarabu, na taarabu ina sheria zake. Ukienda harusini utaona. Mwimbaji akifika kwenye ubeti wa mlilia ngoa, mwanamke atainuka kwenye kiti, noti imebanwa kwa vidole viwili juu ya kichwa, atacheza polepole kuelekea jukwaani, na badala ya kupita njia iliyo wazi atazunguka apite mbele ya kiti cha anayemkusudia. Hamtazami. Anamtunza mwimbaji, anarudi kukaa. Hakuna jina lililotajwa, na ukumbi mzima umejua. Aliyepitiwa akiinuka kujibu kwa mdomo, ndiye aliyejitaja. Akitulia, au akangoja ubeti wake naye akatunza, mambo yanabaki kwenye wimbo.

Status ya wifi ni ubeti ule ule. Hakukutaja. Ukituma ujumbe wako mrefu utakuwa umejaza jina lako pale alipoacha wazi, na ujumbe huo, naapa, utasomwa na shangazi, mama wadogo na majirani kabla ya alasiri. Tena utakuwa unajibu tusi ambalo halikutoka. Wataona umekosa adabu na hujui lugha, yote mawili kwa pamoja. Ufute kabisa, usiuache kwenye simu ukakutazama usiku.

Badala yake mfuate mwenyewe, ana kwa ana, mkiwa wawili, jikoni mkikuna nazi au popote mikono inapokuwa na kazi. Mwambie: "Wifi, nimeiona status. Mimi si wa huku, ngoa nilikuwa naijua kwa maana nyingine, nikaumia kuliko ulivyokusudia. Ukiwa na neno na mimi, niambie mimi." Usiongeze kitu. Mwanamke wa Kiunguja akiambiwa kwamba kijembe chake kimechoma mahali ambapo hakukikusudia, mara nyingi hushtuka. Mpasho una staha yake, na kumfanya mgeni adhani katukanwa utu wake ni kuvuka mpaka. Akikujibu vibaya, basi umeshasema, ondoka na nazi yako. Usimpeleke kwa mama yake, na usimtume mume wako akamdai msamaha. Ukifanya hivyo umewaweka ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja kwenye kesi, na hukumu yake utaila wewe.

Na kanga je? Hapa nitasema na wewe kama mwanangu. Kauli ya "mke ni mama" ilikuwa kulilia ngoa kwa maana yake kamili. Wifi aliita kitu jina lake. Mtoto wa kiume kumpelekea mama yake doti kabla ya Idi ni jambo la kawaida huku, na wala halikupunguzii kitu. Lakini kukuletea wewe maneno siku ile ile anayowaletea wenzako kanga hakukuwa na busara, na una haki ya kusema. Msemeshe yeye, peke yake, maana ndiye aliyegawa. Mwambie umeumia kuona wengine wanafungua doti nawe umekaa, na kwamba kama fedha haikutosha ungependa akwambie mapema, si mbele yao. Hilo si wivu tena, ni mke kumwambia mumewe jambo la nyumba yao.

Nimelimaliza la wifi haraka kwa sababu si kubwa kama ulivyodhani. La mama mkwe ndilo lililoniweka macho, na ulilipitia kwa sentensi chache.

Kwanza, bibi yule hakukuvunjia heshima. Hebu fikiria maneno aliyokuwa nayo. Angeweza kusema tamaa, lakini tamaa kwetu imebeba lawama, hata methali inasema tamaa mbele mauti nyuma. Angesema nyege, ungekuwa na haki ya kuona haya, kwa sababu neno lile halisemwi mbele ya mkwe. Uchu una harufu ya ulafi. Hamu na shauku ni maneno mazuri lakini hutumika kwa kila kitu, hata kwa chai. Akachagua ngoa, neno la wazee na la washairi, linalotaja matamanio bila kuyatukana. Kasema pia chumbani kwake, wageni wameondoka, mikono yako imo mikononi mwake. Hiyo ndiyo adabu ya kusema jambo hili. Asingelisema barazani, wala mbele ya baba mkwe. Huko kwenu huenda kazi hii angeifanya shangazi au bibi, kwa maneno mengine. Huku ina somo wake, yaani mwanamke anayemfunda bi harusi, na pale ambapo bi harusi hakuja na somo, mama mwenye huruma hulibeba jambo mwenyewe. Hakuwa anakuamrisha. Alikuwa anakuombea, ndiyo maana alianza na Mungu, nawe ukaitikia amina.

Pili, rudi kwenye barua yako usome ulichokiandika. Mama mkwe, kwa maneno uliyoyanukuu mwenyewe, hakusema "mtimizie mumeo ngoa". Kasema "mtimiziane ngoa zenu". Tazama ile -ane mwishoni. Tunasema pendaneni, saidianeni, samehaneni, na hakuna anayeelewa kwamba mmoja apende na mwingine apokee. Tena kasema ngoa zenu. Hakusema ngoa yake. Yako imo. Na akamalizia "msioneane haya", yaani wewe usimwonee haya yeye, na yeye asikuonee haya wewe. Kwa hiyo tangu uingie nyumba ile umekuwa ukitii amri ambayo hakuna mtu aliyeitoa, na ile aliyokuombea mama wa watu, ya kwamba nawe uwe na hamu yako na itimie, hujaigusa.

Nataka ulielewe hili vizuri sana kwa sababu mwili wako ndio unaolipa. Mke anayelala na mumewe huku akiuma meno kwa maumivu na kunyamaza hatimizi ngoa ya mtu. Yake haijatimia, na ya mume imetimia kwa kutojua. Mume mwenye mapenzi, akija kujua baadaye kwamba ulikuwa unaumia kila mara, ataona umemnyima nafasi ya kukujali. Umeniambia amesoma nawe, mmechaguana wenyewe. Mwambie. Si wakati ule ule wa tendo, na si usiku wa ugomvi. Tafuta saa mmetulia, hata mkitembea Forodhani jioni, umwambie: "Kuna jambo nimelinyamazia tangu tuoane. Huwa naumia. Na nyakati nyingine nachoka na sisemi." Kisha umweleze na neno la mama yake na ulivyolielewa. Nina hakika hatacheka mara hii.

Usiku ambao huwezi, sema huwezi. Usiku ambao unataka wewe, sema pia, maana hiyo ndiyo maana ya kutooneana haya. Mwambie unachopenda na kinachokukera, mpe muda nawe ujipe muda, mwili wa mwanamke hautaki haraka. Haya yote ni sehemu ya yale aliyoyaweka mama mkwe katika maneno yake machache, na zamani somo angekaa nawe akufafanulie hatua kwa hatua hadi usiwe na swali. Wewe hukupata, ukabaki na kamusi ya simu.

Na mama mkwe mwenyewe, usimkimbie. Akiwa peke yake, mwombe akufundishe maneno ya huku usiyoyajua. Huna haja ya kumtajia maumivu wala kanga. Mwambie tu siku ile alipokuombea hukuelewa, na sasa umeelewa, na unamshukuru. Utaona atakavyokuvuta karibu. Katika nyumba yenye wifi mwenye ulimi, mama mkwe aliyekuvika kikuba kwa mikono yake ni mtu wa kumshika.

Lakini kabla ya yote haya, kabla hata ya kuzungumza na wifi, nenda ukapimwe. Maumivu ya mara kwa mara wakati wa tendo si ugeni wa ndoa unaopita wenyewe, na si jambo la kuzoea. Huenda ni maambukizi yanayotibika kwa dawa za wiki chache, huenda ni uke kukosa utayari kwa sababu ya hofu, huenda ni uvimbe au jambo jingine la kizazi linalotaka kutazamwa mapema. Kwa barua siwezi kujua, na mganga wa vifukizo hawezi kujua pia. Kliniki ya wanawake katika hospitali au kituo cha afya kilicho karibu nawe watakuuliza maswali na watakupima. Ukiona haya kusema mbele ya daktari mwanamume, omba uonwe na mwanamke, ni ombi la kawaida. Waeleze maumivu yanaanza wakati gani, mwanzoni au ndani zaidi, kama kuna damu au uchafu usio wa kawaida, na hedhi yako inakwendaje. Na kama mume wako anaweza kupata ruhusa kazini, aende nawe. Wakikuta maambukizi, huenda na yeye akatakiwa kutibiwa, na ni vizuri ayasikie kutoka kwa daktari akiwa amekaa hapo hapo na wewe.